Pangani, Mlango wa Upare: Historia ya Bandari Iliyolishwa na Milima

Mto, milima na mji

Pangani ni mji mdogo wa mwambao, kusini mwa Tanga, uliojengwa ukingoni mwa mto wenye jina hilohilo mahali unapoingia Bahari ya Hindi. Vitabu vingi huutaja kwa ajili ya biashara ya watumwa na kwa ajili ya kunyongwa kwa Abushiri bin Salim al-Harthi mwaka 1889, na msomaji anayeishia hapo huweza kudhani kwamba kila jambo lililoutokea mji huo lililetwa na bahari, kwa majahazi ya Waarabu, mitaji ya Wahindi na manowari za Wajerumani. Hata hivyo, mambo yanayojulikana kidogo kuhusu Pangani yanaonyesha kwamba ustawi na udhaifu wake vilitegemea zaidi bara lililo nyuma yake, na milima ya Upare ilikuwa sehemu muhimu ya bara hilo.

Uhusiano huo huanza na maji. Chome, iliyoko Upare Kusini katika wilaya ya Same, imekaa chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462, ambacho hakuna kingine kinachokizidi katika milima yote ya Upare. Msitu wa Chome hunasa ukungu na mvua zinazosukumwa na pepo za baharini. Maji yanayoshukia upande wa mashariki huelekea mto Mkomazi, ambao hupita kati ya Upare na Usambara na kuungana na mto Pangani, na yale ya upande wa magharibi hutelemka kuelekea tambarare kavu zinazopakana na bonde la mto Pangani wenyewe. Kabla hayajafika bondeni, Wapare huyakinga kwa ndiva, yaani mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana ili kila mkulima amwagilie shamba lake kwa zamu. Mto Pangani, unaopokea pia maji ya Kilimanjaro na Meru kupitia mto Kikuletwa na yale ya ziwa Jipe kupitia mto Ruvu, husafiri takriban kilomita 500 mpaka baharini, na kwa karne nyingi bonde lake lilikuwa barabara ya wasafiri waliohitaji maji katika nchi ya nyika.

Kabla ya 1800: Makazi ya mdomoni mwa mto

Mdomo wa mto Pangani ulikaliwa na kufanyiwa biashara muda mrefu kabla ya mji wa leo kujengwa. Baadhi ya wanazuoni wa karne ya 20 walidhani kwamba Rhapta, soko la pembe za ndovu na mashua za kushonwa linalotajwa katika mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, lilikuwa jirani na hapo, ingawa wengine waliliweka kusini zaidi. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Tongoni, kati ya Pangani na Tanga, ambako magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo yanaonyesha kuwa Waswahili wa karne ya 14 na ya 15 walikuwa na mji uliostawi. Vasco da Gama alipita katika maji hayo mwaka 1498, na mwaka 1499, akiwa njiani kurudi Ureno na akiwa amepungukiwa na mabaharia, aliichoma moto jahazi yake iitwayo São Rafael karibu na mwambao huo.

Wakati makazi hayo yakikua pwani, milimani palikuwa na uchumi uliojitegemea. Ugweno, iliyoko Upare Kaskazini, ilisifika kwa chuma kilichofuliwa na ukoo wa Washana, na majembe na silaha zilizotoka huko zilitafutwa na majirani, wakiwemo Wachaga. Upare Kusini, zikiwemo Chome, Mbaga, Mamba na Gonja, iligawanyika katika nchi ndogondogo zilizoongozwa na wafumwa, yaani watawala ambao mamlaka yao yalitokana na ukoo, mvua na matambiko. Biashara kati ya milima na pwani ilifanyika kwa kupokezana, jirani kwa jirani, na hapakuwa na lazima ya mtu wa pwani kuyapanda milima, wala ya mtu wa mlimani kuiona bahari.

1800 hadi 1860: Mji wenye wakubwa wawili

Hali hiyo ilianza kubadilika katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ambapo mahitaji ya pembe za ndovu yaliongezeka huko India, Ulaya na Marekani, na Sultani Seyyid Said akaifanya Unguja kuwa kitovu cha dola yake. Jengo ambalo leo huitwa Boma la Pangani, lenye milango ya kuchongwa, hutajwa kuwa lilijengwa mwanzoni mwa karne hiyo kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kiomani, kabla halijawa ofisi ya serikali katika enzi ya Wajerumani. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha bidhaa, maofisa wa Sultani walikusanya ushuru wa forodha, na mwakilishi wake aliyeitwa liwali alisimamia mambo ya mji.

Jambo ambalo halitajwi mara kwa mara ni kwamba mamlaka ya liwali yalikuwa nusu tu ya mamlaka yaliyokuwepo. Majumbe, yaani wakuu wa asili wa miji ya Mrima, kama ulivyoitwa mwambao unaoelekeana na Unguja, walikuwa na desturi ya kupeleka heshima zao pia kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyetawala kutoka Vuga milimani hadi alipofariki mwaka 1862 hivi. Jumbe wa sehemu hiyo ya Mrima aliweza kutambuliwa na Sultani wa kisiwani na vilevile na mfalme wa mlimani, kwa kuwa bidhaa za mji zilipita katika nchi ya mmoja na kupakiwa katika bahari ya mwingine. Ngome ya Tongwe, iliyojengwa bara mwaka 1853 na kulindwa na askari Wabaluchi wa Sultani, ilikuwa alama ya makubaliano hayo, na wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipotoka Pangani kwenda Vuga mwaka 1857 walikuta kwamba mbele ya hapo neno la Kimweri lilikuwa na uzito kuliko barua ya Sultani.

1860 hadi 1888: Misafara yaingia Upare

Kufariki kwa Kimweri kulivunja mizani hiyo. Watoto na wajukuu wake walianza kupigania urithi, na mwanawe Semboja, badala ya kuishi milimani kama mila ilivyotaka, alijenga makao yake Mazinde, bondeni kabisa, penye njia ya misafara. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu ulionyesha kwamba nguvu ilikuwa imehama kutoka kwenye ushuru wa mazao na mifugo na kuingia kwenye bunduki, baruti na nguo zilizoletwa kutoka Pangani. Semboja alitoza hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi ya mtawala, akauza pembe na mateka, na ushawishi wake ukafika hadi Upare Kusini.

Misafara ya Pangani ilikuwa na njia mbili za kupita Upare. Moja ilifuata mto upande wa magharibi wa milima, na nyingine ilipita upande wa mashariki kupitia Gonja na Kisiwani kuelekea Taveta na Kilimanjaro, mahali ambapo maji yanayoteremka kutoka milimani yaliwezesha watu kulima ndizi na nafaka za kuwauzia wapagazi. Mzungu Karl Klaus von der Decken alizifahamu sehemu hizo katika safari zake za 1861 na 1862. Kila msafara uliongozwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele na kuijua njia, na mizigo ya kwenda bara ilikuwa merikani, ambacho ni kitambaa cheupe cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, pamoja na kaniki, shanga na nyaya. Mizigo ya kurudi ilikuwa hasa pembe za ndovu, zilizopimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16.

Wafanyabiashara wa Pangani waliijua nchi ya bara kabla ya Wazungu kuichora. Mwaka 1882 mmisionari J. P. Farler wa Magila alichapisha maelezo ya njia kutoka Pangani hadi Umasai na Ziwa Viktoria, nayo yalitokana na ujuzi wa wasafiri Waswahili wenyewe. Mmoja wa wakubwa wa misafara hiyo alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, ambaye Joseph Thomson aliungana naye katika safari ya Umasai mwaka 1883 na ambaye aliongozana pia na msafara wa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, uliotoka Pangani mwaka 1887 na kufika mwaka uliofuata kwenye ziwa ambalo leo huitwa Turkana. Majina ya Wazungu hao yalibaki katika ramani na vitabu vya shule, na jina la Kimemeta, aliyewapitisha, limebaki kwa wachache wanaosoma kumbukumbu zao.

1872 hadi 1888: Kimbunga, sukari na watu waliouzwa

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu mingi, jambo lililokifanya kisiwa cha Pemba, ambacho hakikuharibiwa kwa kiasi hicho, kuwa shamba kuu la karafuu na kuhitaji watumwa wengi zaidi. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko la Unguja. Matukio hayo mawili, yaliyofuatana kwa muda mfupi, yaliiweka Pangani mahali pabaya sana, kwa kuwa mji huo uko karibu na Pemba na mashua iliweza kuvuka gizani bila kuonwa na manowari za Waingereza. Biashara iliyokuwa ya wazi ikawa ya magendo, na faida yake ikaongezeka.

Wakati huohuo ukingo wa mto, juu kidogo ya mji, ulikuwa umejaa mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili wenye uwezo, ambao walisaga miwa na kutengeneza sukari guru, yaani sukari nyeusi isiyosafishwa, kwa soko la Unguja na nchi za Uarabuni. Kazi ya miwa ni ngumu kuliko ile ya minazi, kwa sababu miwa iliyokatwa haingoji bali hutakiwa kusagwa na kuchemshwa upesi, na mtumwa wa shamba la miwa alinyimwa hata zile siku za kulima shamba lake mwenyewe ambazo desturi ya pwani iliwapa wengine. Matokeo yake yalikuwa kutoroka kwa wingi, na watoro walianzisha vijiji vyao bara, wakivizungushia maboma na kuvilinda dhidi ya waliokuwa mabwana wao.

Upare ililipa gharama ya mahitaji hayo. Mfumwa aliyepata bunduki aliweza kumshambulia jirani yake na kumuuza mateka, na mfumwa asiyepata alijikuta yeye na watu wake wakiwindwa, kwa hiyo hata aliyechukia biashara hiyo alivutwa kuingia ndani yake ili ajilinde. Mamlaka yaliyosimama juu ya mvua na matambiko yalidhoofika mbele ya mamlaka ya baruti, watu wakayahama makazi ya bondeni na kujibana kwenye miinuko, na nchi zilizokuwa zimeungana kwa vizazi vingi zikavunjika vipandevipande. Uhasama ambao baadaye wageni waliueleza kuwa tabia ya asili ya Wapare ulikuwa kwa sehemu kubwa zao la miongo hiyo mitatu ya biashara.

1888 hadi 1889: Bendera na msikiti

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa alikubali kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa forodha za mwambao. Mwezi Agosti mwakilishi wa kampuni hiyo mjini Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe na liwali awe chini yake, na liwali alipokataa, Zelewski aliita askari wa manowari. Askari hao walimsaka liwali wakati wa sikukuu ya Idi ya kuchinja na wakaingia msikitini wakiwa na mbwa, kitendo kilichowaumiza watu wa mji kuliko amri yoyote ya kodi.

Uasi uliozuka Septemba ulikuwa na mizizi mipana kuliko tusi hilo. Majumbe walikuwa wanapoteza hongo na heshima, wenye mashamba walihofia madeni na watumwa wao, na watu wa vijijini walioingia mjini wakiwa na silaha walikuwa na malalamiko yao wenyewe dhidi ya matajiri wa pwani. Jenerali Lloyd Mathews, aliyetumwa na Sultani kutuliza hali, alishindwa na akaondoka. Abushiri, mwenye shamba la miwa karibu na mji na mtu aliyekuwa hapatani na Masultani wa Unguja kwa muda mrefu, ndiye aliyejitokeza kuongoza. Wapelelezi wa nchi Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, walitekwa na kuachiliwa kwa kulipiwa fidia. Meyer alirudi mwaka uliofuata na kufika kilele cha Kilimanjaro.

Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na askari wengi wa kukodiwa kutoka Sudani na Msumbiji, na Pangani ikaanguka mwezi Julai 1889. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na habari za vita hivyo zilihifadhiwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy katika utenzi wake juu ya vita vya Wadachi, kama walivyoitwa Wajerumani. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4 na kuuchukua mwambao moja kwa moja.

1890 hadi 1914: Mkonge waingia, reli yapita pengine

Baada ya vita Pangani ilipata kwa muda mfupi nafasi ya kuanza upya. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba makubwa ya mkonge yaliyoenea Tanganyika katika karne ya 20, na kuifanya nchi hiyo kuwa mzalishaji mkuu wa zao hilo duniani, yalianzia kwenye miche hiyo michache.

Mwaka huohuo wa 1893, hata hivyo, Wajerumani walianza kujenga reli, nayo haikuanzia Pangani. Mdomo wa mto ulikuwa na fungu la mchanga ambalo jahazi lenye tanga liliweza kulivuka maji yakijaa, lakini meli kubwa za moshi zililazimika kutia nanga mbali, ilhali Tanga ilikuwa na ghuba yenye kina na kinga. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, na kuanzia Korogwe ilipanda kwa kulifuata bonde lilelile lililokuwa njia ya wapagazi. Njia ya kale ilibaki mahali pake, ila mlango wake wa baharini ulihamishwa upande wa kaskazini, hadi Tanga.

Kwa watu wa Chome na jirani zao mabadiliko hayo yaligeuza dira ya maisha. Stesheni za Hedaru, Makanya na Same zilizaa miji tambarareni, na mtu aliyetaka chumvi, nguo au kazi alishuka hadi relini badala ya kungoja msafara. Wamisionari walioingia Upare Kusini, wakiwemo Waadventista Wasabato waliofika Giti mwaka 1903 na Walutheri wa Leipzig, waliwakuta watu waliochoshwa na miaka ya mashambulizi. Kule pwani, mashamba ya miwa yaliyotegemea watumwa yalidhoofika. Amri ya Wajerumani iliwapa uhuru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka 1905, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922 chini ya Waingereza, waliokuwa wameuteka mji mwezi Julai 1916.

Baada ya 1922: Mto uliobaki na kazi nyingine

Pangani iliendelea kuwa makao ya wilaya, mji wa minazi, uvuvi na mkonge, lakini haikuwa tena mlango wa bara. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960 kwa sababu ya kamba za nyuzi bandia, mji ulipoteza pia nguzo hiyo. Mto nao ulipewa kazi mpya ya kuzalisha umeme, kwanza kwenye maporomoko ya Pangani katika miaka ya 1930, kisha Hale mwaka 1964, bwawa la Nyumba ya Mungu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hatimaye kituo kipya cha Pangani chenye megawati 68 mwaka 1995. Wakulima wa umwagiliaji waliongezeka kwenye miteremko na tambarare za juu, miji ikakua, na maji yaliyofika baharini yakapungua kiasi kwamba mwaka 1991 iliundwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ili kuyagawa kwa vibali.

Athari za upungufu huo huonekana zaidi mdomoni mwa mto. Nguvu ya mto ikipungua, maji ya chumvi hupanda juu zaidi wakati bahari inapojaa, na wakulima wa ukingoni wameona minazi ikinyauka mahali ambapo zamani palikuwa na maji baridi. Kando ya hapo bahari imekula fukwe, na kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na miti na mazalio ya kasa, kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa.

Historia hii ndefu ina jambo moja linalojirudia katika kila kipindi. Majumbe waliitambua Vuga kwa sababu walijua pembe zilikopitia, Semboja alihamia bondeni kwa sababu alijua mali ilikopita, na Pangani ilififia pale reli ilipoipeleka mali ya bara kwenye ghuba nyingine. Kilichobaki kuunganisha mji huo na milima yake ni maji tu, na maji hayo hayana njia nyingine ya kufika baharini. Kwa hiyo kuutunza msitu wa Chome na kufungua ndiva kwa zamu, kazi ambazo zingeweza kudhaniwa kuwa za Wapare peke yao, ni sehemu ya uhai wa mnazi ulioko Pangani, kama vile bunduki iliyoteremshwa Pangani miaka 150 iliyopita ilivyokuwa sehemu ya msiba wa nyumba iliyoko Upare.